Mtoto kazaliwa na thairoidi iliyolegea: namna ya kumpa dawa na kumfuatilia anavyokua

Ngoja nianze na lile ambalo daktari analisema kwa haraka afu mzazi anatoka pale hajalisikia maana kichwa kilishajaa: mtoto aliyezaliwa na thairoidi isiyofanya kazi vizuri, akianza dawa ndani ya wiki mbili za mwanzo na akapewa kila siku bila kurukwa, kwa kawaida anakaa, anatembea, anaongea na anasoma kama wenzake. Ndo hivyo. Kinachobaki ni kwamba hiyo kazi ya kila siku ni yako, daktari anamwona mtoto mara moja moja, wewe ndo unaamka naye.

Thairoidi ni tezi ndogo mbele ya shingo. Inachukua madini joto kwenye damu na kutengeneza homoni mbili, T4 na T3, na hizo ndo zinaendesha joto la mwili, mapigo ya moyo, utumbo, mifupa, na kwa mtoto mchanga kubwa kuliko yote ni ubongo. Urefu ukichelewa kidogo mtoto anaweza kuja kuufidia, ila ubongo wa miaka mitatu ya kwanza hauna subira hiyo, ndo maana utaona kila mtu hospitali anakimbizana na wewe kuhusu hii dawa utadhani mtoto ana dharura wakati wewe unamwona kalala zake vizuri tu.

Inatokea kwa mtoto mmoja kati ya 2,000 mpaka 4,000 hivi, na kwa wasichana zaidi kuliko wavulana. Wengi wao tezi haikuumbika kabisa, au ni ndogo mno, au imekaa sehemu sio yake, mara nyingi chini kabisa ya ulimi. Wachache tezi ipo mahali pake lakini inashindwa kutengeneza homoni, na hiyo mara nyingi ni ya kurithi. Afu kuna wale wa muda tu: mama alikuwa anatumia dawa za kupunguza nguvu ya thairoidi, au kinga zake zilivuka kwenda kwa mtoto, au mtoto alikosa madini joto, au alipata mengi kupita kiasi, kwa mfano kupakwa sana ile dawa ya kahawia ya kusafishia vidonda yenye aidini, yaani hayohayo madini joto. Kwa hiyo yule ndugu anayekuuliza ulikula nini ukiwa mjamzito, mwambie kwa watoto wengi hakuna aliyekosea chochote, na mazungumzo yaishie hapo.

Kwanini hukuona kitu alipozaliwa

Kwasababu tumboni alikuwa anatumia homoni za mama yake, zinapita kwenye kondo, kwa hiyo wengi wanazaliwa na uzito mzuri, sura nzuri, hakuna dalili hata moja. Dalili zinajitokeza polepole kadri akiba ya mama inavyoisha, na zikishaonekana wazi ujue ubongo umeshakaa wiki kadhaa bila homoni ya kutosha. Ndo maana kipimo cha thairoidi kwa tone la damu ya kisigino kilianzishwa, kazi iliyoanzia Quebec, Kanada, miaka ya 1970 mwanzoni na daktari Jean Dussault na wenzake, na leo nchi nyingi zinampima kila mtoto. Damu inatolewa vizuri zaidi siku ya pili au ya tatu baada ya kuzaliwa, kwasababu masaa ya mwanzo TSH (homoni ambayo ubongo unaituma kuiamsha tezi ifanye kazi) ya kila mtoto hupanda juu yenyewe na inaweza kuwatisha watu bure. Mtoto njiti, mapacha, au mtoto aliyelazwa chumba cha uangalizi, uliza kama anatakiwa kurudiwa kipimo baada ya wiki chache, maana cha kwanza kinaweza kutoka kizuri na tatizo likaja baadaye.

Kama mlipojifungulia hawapimi, usikae kusubiri dalili zote zijikusanye. Manjano ya macho na ngozi inayozidi wiki mbili peke yake inatosha kwenda kuomba kipimo cha thairoidi (na ikiwa choo chake kinatoka cheupe au rangi ya udongo wa mfinyanzi, hiyo ni habari ya ini na unaenda siku hiyohiyo). Nyingine ni mtoto analala mno mpaka unamwamsha kunyonya na akinyonya anachoka njiani, choo kinapita siku nyingi na kikija ni kigumu, kilio kizito cha kukwaruza, ulimi mkubwa unaotokeza, kitovu kimetokeza, ngozi baridi yenye mabaka na kavu, uso umevimbavimba, na utosi, hasa ule mdogo wa nyuma ya kichwa, unaushika na kuuona mpana kuliko inavyotegemewa. Sio lazima mtoto mmoja awe nazo zote. Na kuna dalili moja ambayo familia nzima inaisifia: mtoto mpole, halii, hasumbui. Upole wa mtoto asiyeamka kunyonya sio tabia nzuri, upimwe.

Wakikuta kipimo cha kisigino kina shida watatoa damu ya mshipa kuangalia TSH na T4 huru (ile T4 iliyo tayari kutumiwa na mwili). TSH juu na T4 chini maana yake ubongo unaipigia tezi kelele na tezi haiitikii. Kama kipimo cha kwanza kilikuwa juu sana, dawa inaanza damu ikishatolewa tu, hakuna kusubiri majibu ya pili. Picha za shingo nazo ni nzuri kujua tezi iko wapi lakini zisiwe sababu ya kuchelewesha dawa hata siku chache, hapo kuwa mbishi kidogo ni haki yako.

Dawa, na jinsi ya kumpa bila kuipoteza nusu kwenye kijiko

Dawa ni levothairoksini, ni T4 ileile ambayo tezi ingetengeneza, kwa hiyo sio kitu kigeni mwilini. Mtoto mchanga anaanza na maikrogramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo kwa siku, kwa hiyo mwenye kilo 3 anaangukia kwenye 30 mpaka 45, na daktari ndo anachagua namba kamili kwa kuangalia majibu. Usishangae ukilinganisha na mtu mzima ukaona mtoto kwa kilo anapewa nyingi zaidi, anatumia zaidi.

Sehemu nyingi utapewa vidonge. Nawa mikono, kata kidonge kama dozi ni nusu au moja na nusu, weka kwenye kijiko kikavu, chukua kijiko kingine kidogo kiweke juu yake ubonyeze na kuzungusha mpaka isibaki chembe unayoiona. Ongeza matone ya maziwa ya mama uliyokamua au maji safi, mililita moja au mbili, sio zaidi, koroga na ncha ya bomba dogo la sindano (lisilo na sindano bila shaka), vuta, ingiza pembeni ya shavu kwa ndani sio katikati ya ulimi maana atakutemea, sukuma kidogokidogo akimeza. Sasa angalia kile kijiko. Utaona unga mweupe umebaki ukingoni, na huo ni sehemu ya dozi, kwa hiyo weka matone mengine mawili matatu, suuza, vuta tena, mpe. Watu wengi wanaruka hii hatua afu wanashangaa TSH haishuki.

Usiweke dawa kwenye chupa nzima ya maziwa, asipomaliza hujui kapata kiasi gani. Usisage vya wiki nzima ukaweka kwenye chupa kwenye friji, ikishachanganywa na maji haikai vizuri, nguvu inapungua, saga cha siku hiyo umpe saa hiyohiyo. Ikiwa umepewa ya maji iliyotengenezwa na kiwanda hiyo ina maelekezo yake, fuata hayo.

Saa ya kumpa, chagua unayoiweza. Asubuhi, usiku, kabla ya kunyonya au katikati, kwa mtoto mchanga huwezi kupata tumbo tupu kirahisi, cha msingi ni iwe kila siku wakati uleule na kwa mtindo uleule ili dozi ipangwe kwa kufuata hali hiyo. Vitu vya kutenga mbali ni matone ya madini ya chuma, kalsiamu, na maziwa ya kopo ya soya, vyote vinaishika dawa tumboni isiingie vizuri kwenye damu. Chuma na kalsiamu weka umbali wa masaa manne hivi. Maziwa ya soya kama hamna njia nyingine mwambie daktari kabla ya kuanza na kabla ya kuacha, maana dozi inaweza kuhitaji kubadilishwa kote kuwili. Kunyonyesha endelea kama kawaida, maziwa ya mama hayaharibu dawa, ila pia hayawezi kuwa ndo dawa yenyewe, homoni iliyomo ni kidogo sana.

Akitapika papo hapo ukaiona dawa yote imetoka, mpe tena. Akicheua kidogo baada ya muda mrefu, acha. Ukisahau asubuhi ukakumbuka jioni, mpe jioni. Ukikumbuka kesho yake, endelea na dozi ya siku hiyo na umwambie daktari kama inajirudia. Nyumba yenye watu wengi ndo hatari zaidi kuliko yenye mmoja, maana kila mtu anadhani mwenzake kashampa, au wote wanampa, sasa wekeni kalenda ukutani, anayempa anaweka tiki palepale, na alamu ya simu iwe kwa mtu mmoja anayewajibika. Vidonge vikae kwenye pakiti yake, mahali pakavu pasipo na joto wala mwanga mkali, na usisubiri kibaki kimoja ndo uanze kutafuta vingine. Ukibadilishiwa kampuni ya dawa, taja ukifika kliniki. Akiwa na homa, mafua, au siku ya chanjo, dawa inaendelea, na chanjo anapata zote kama watoto wengine.

Vipimo vya damu, najua vinachosha

Kipimo cha kwanza baada ya kuanza kinakuja wiki moja au mbili, kisha kila wiki mbili mpaka TSH itulie, kisha kila mwezi mmoja mpaka mitatu ndani ya mwaka wa kwanza, na vinaendelea kwa ukaribu mpaka miaka mitatu. Kinachotafutwa ni T4 ipande ndani ya wiki mbili na TSH ishuke kwenye kiwango chake ndani ya wiki nne hivi. Siku ya kipimo mpe dawa baada ya kutoa damu, maana T4 hupanda kidogo ukishampa na inaweza kuonekana nzuri kuliko ilivyo. Omba majibu uandike mwenyewe kwenye daftari pamoja na uzito na dozi ya siku ile, kwasababu ukiona TSH imepanda mwezi wa sita kuna maswali mawili ya kujiuliza kwanza kabla ya kuogopa: kuna siku zimerukwa, au mtoto kanenepa dozi ikabaki ya zamani.

Dozi ikizidi nayo inaonekana: mtoto hatulii, analala kidogo, anatoka jasho, anaharisha, moyo unaenda mbio, uzito haupandi ingawa anakula. Ikizidi kwa muda mrefu mifupa ya kichwa inaweza kufunga mapema, kwa hiyo usiongeze dozi kwa akili yako eti akue haraka. Lakini, na hapa wazazi wengi wanashtuka, wiki za mwanzo za dawa yule mpole anaweza kuanza kulia, kudai kunyonya, kupata choo kila mara. Hiyo sio sumu, ndo kaamka. Tofauti ni kwamba huyu ananyonya vizuri na uzito unapanda, mwenye dozi iliyozidi hatulii hata akishiba.

Ukuaji wenyewe sasa

Mtoto aliyekuwa na upungufu huwa mlegevu mwanzoni. Ukimwinua kwa kumshika makwapani unahisi kama anateleza kati ya mikono, mabega yanapanda masikioni, miguu inaning'inia. Hali hiyo inapungua dawa ikishaingia, ila unaweza kuisaidia, na msaada wenyewe sio mashine wala mafuta ya kuchua, ni kumweka kifudifudi akiwa macho. Anza kwa kumlaza kifuani kwako wewe ukiwa umeegemea, uso wake ukiangalia wako, dakika mbili tatu, mara kadhaa kwa siku, ataanza kunyanyua kichwa akutafute. Akizoea mhamishie chini kwenye mkeka au blanketi, kunja kitambaa kidogo weka chini ya kifua chake mikono ikae mbele, nawe lala chini macho yenu yalingane umwongeleshe. Akilala usingizi mgeuze chali.

Kati ya wiki ya sita na miezi miwili tegemea tabasamu la kukujibu wewe, sio lile la usingizini. Miezi mitatu mpaka minne shingo inakaza na macho yanafuata kitu kinachosogea. Kukaa bila kushikwa, vipimo vya Shirika la Afya Duniani kwa watoto wenye afya njema vinaonyesha wengine wanakaa wakiwa na miezi minne na wengine mpaka tisa, na kutembea wenyewe kuanzia miezi minane mpaka kumi na minane karibu. Angalia huo upana ulivyo mkubwa! Kwa hiyo kumlinganisha na mtoto wa jirani kwa wiki ni kujitesa. Kama ni njiti, hesabu umri kuanzia tarehe aliyotakiwa kuzaliwa.

Ila kuna mambo ambayo sitaki uambiwe "msubiri tu". Miezi mitatu na hakuna tabasamu wala hakuangalii usoni. Miezi minne inaisha na kichwa bado kinaanguka. Miezi tisa hakai. Miezi tisa au kumi hakuna ba-ba, da-da wala hageuki ukimwita. Miezi kumi na nane hatembei. Na mwezi wowote ule, kitu alichokuwa anakiweza kimepotea. Hapo unaenda, unaomba TSH ipimwe siku hiyo na unaomba mtaalamu wa mazoezi au wa ukuaji amwone, vyote viwili, usikubali kimoja kisingiziwe kingine.

Masikio yanasahaulika sana. Watoto hawa wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na shida ya kusikia, na mtoto asiyesikia vizuri anaweza kukaa na kutembea kwa wakati kabisa afu maneno ndo hayaji, watu wakasema ah ni wa kiume wanachelewa. Hakikisha alipimwa akiwa mchanga, na hata kama alipita, lugha ikisuasua apimwe tena. Nyumbani ongea naye kawaida unapomvalisha, unapomwosha, taja kitu unachokishika, nyamaza sekunde kadhaa umpe nafasi ya kujibu hata kwa sauti tu. Ile nafasi ya kunyamaza ina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani, simu na katuni hazimsubiri mtoto ajibu.

Kliniki wasipime uzito tu, waombe na urefu na mzunguko wa kichwa, waweke kwenye chati uone mstari unaelekea wapi. Mstari wa urefu unaolala wakati uzito unapanda ni dalili ya homoni kuwa chini, na kwenye chati unaweza kuuona kabla hujaona kitu kwa macho. Watoto ambao upungufu ulikuwa mkali sana tangu tumboni au waliochelewa kuanza, wanaweza baadaye kuwa na shida ndogondogo za umakini, kumbukumbu, au mikono kutokuwa miepesi kwenye kuandika na kukata na mkasi, kwa hiyo macho yako yaendelee mpaka shule, bila kumtangaza mtoto kuwa mgonjwa.

Kuhusu ushauri wa pembeni: kumlundikia madini joto, matone ya mwani, au dawa za mitishamba hakuoteshi tezi ambayo haikuumbika, na madini joto mengi yanaweza kuizima hata ile iliyobaki. Na yule atakayekwambia mtoto kashapona mwache dawa, kwa vile anaonekana mzuri, mjibu kwamba anaonekana mzuri kwasababu ya dawa.

Swali la kama atatumia maisha yote, jibu linategemea tezi. Kama haipo au iko sehemu sio yake, ndiyo, maisha yote. Kama ipo mahali pake na dozi yake imebaki ndogo, akifikisha miaka mitatu daktari anaweza kuisimamisha dawa au kuipunguza kwa wiki nne hivi kisha kupima damu, wengine wanakutwa hawahitaji tena. Hilo jaribio halifanywi nyumbani na halifanywi kabla ya daktari kusema. Na kama tatizo lake ni lile la kurithi, la tezi kushindwa kutengeneza homoni, mara nyingi kila mimba inayofuata ina nafasi ya moja kwa nne kurudia, kwa hiyo taja mapema kwenye kliniki ya wajawazito ili mdogo wake apimwe siku za mwanzo kabisa hata kama mahali hapo hawana utaratibu wa kupima watoto wote.